Boti ya Kukodi na Samaki wa Chini: Mjadala wa Iringa na Mbeya

MWANDAAJI, IRINGA: Samaki wa chini ni wale wanaoishi karibu na mwamba au sakafu ya bahari: chewa, changu, kelea na jamaa zao. Hawafukuzwi kwa boti inayokimbia kama nguru au jodari. Boti husimama, chambo huteremshwa hadi chini, na mvuvi husubiri. Kwa sababu hiyo uvuvi huu unamfaa mtu wa Nyanda za Juu ambaye hajawahi kushika mshipi baharini: hautaki ufundi wa miaka mingi, hautumii mafuta mengi, na watu sita huvua kwa pamoja badala ya kupokezana fimbo. Hoja ya Iringa ni kwamba kikundi kikodi boti nzima Mafia kwa siku mbili au tatu, na kila mwanakikundi alipe sehemu yake.

MPINZANI, MBEYA: Ndugu Mwandaaji ameanzia baharini, lakini safari huanzia stendi. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara ya TANZAM. Basi la alfajiri humfikisha abiria Mbezi Luis usiku. Kesho yake kuna safari ya kwenda Nyamisati wilayani Kibiti, kisha kivuko cha Kilindoni. Siku mbili zimekwisha na ndoana haijalowa. Matema iko ng'ambo ya Tukuyu tu, na Ziwa Nyasa lina samaki wake wa chini, mbufu akiwa mmojawapo. Ni jamaa ya kambare, mkubwa, mtamu, na Kyela anafahamika tangu enzi za mababu. Kwa nini pesa ya Nyanda za Juu ipite Kitonga kwenda kutafuta kilichopo nyumbani?

MWANDAAJI, IRINGA: Kilichopo nyumbani si kilekile. Mwenye hamu ya chewa hatulizwi kwa mbufu. Tena ziwa linasifiwa utulivu lisio nao: upepo wa kusini, ule unaoitwa mwera, huinua mawimbi yanayozuia mitumbwi kutoka kwa siku kadhaa mfululizo.

AFISA UVUVI: Ziwa Nyasa lina kina cha takriban meta 700, lakini chini ya meta 250 hivi maji hayana oksijeni na samaki hawaishi humo. Samaki wa chini wa ziwa hili wako kwenye ukanda wa pembezoni peke yake, na upande wa Matema, ambako Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini, ukanda huo ni mwembamba. Mbufu naye hulinda kiota. Wazazi hukaa na vifaranga, na jike huwalisha mayai yasiyorutubishwa. Anayemtoa mzazi mmoja wakati huo amewaacha watoto wote wazi kwa maadui. Kwa hiyo ziwa si mbadala wa bure. Lina hesabu yake, ingawa nauli yake ni ndogo.

NAHODHA, MAFIA: Watu wa bara wakipiga simu huuliza bei kwanza. Kinachopasa kuulizwa kwanza ni msimu. Kusi huanza kujitengeneza mwezi Mei, hukaza Juni hadi Agosti, na hulegea Septemba. Boti ndogo inaweza kutoka siku za kusi, ila itajificha nyuma ya kisiwa, haitafika mwamba wa nje wenye samaki, na nusu ya wageni watatapika hadi jioni. Wakati mzuri ni maleleji, kusi ikiwa imekwisha na kaskazi haijashika: mwisho wa Oktoba na Novemba. Machi mapema nayo hufaa, kabla ya masika.

MPINZANI, MBEYA: Hapo ndipo mpango wa Iringa unapogonga mwamba. Mkulima wa mahindi wa Mbozi au Mufindi huvuna Juni, Julai hadi Agosti, na pesa yake iko mkononi wakati huo. Watumishi wa shule nao wana likizo ya Juni. Baridi ya Makete na Mafinga humfanya kila mtu atamani joto la pwani katika miezi ileile ambayo nahodha anasema bahari imefungwa. Desemba nayo mkulima yuko shambani, mvua imeshaanza.

MWANDAAJI, IRINGA: Pesa ya Agosti inaweza kusubiri Novemba. Vikoba vimezoesha watu kuweka akiba kwa lengo. Malipo ya awali yatumwe Septemba na safari iwe wiki ya kwanza ya Novemba, kabla mvua za Nyanda za Juu hazijakaza na mbegu hazijaingia ardhini. Anayeng'ang'ania Julai kwa sababu ana likizo anataka likizo. Samaki wa kwake ni nyongeza.

NAHODHA, MAFIA: Baada ya mwezi huja siku, na siku huchaguliwa kwa mwezi wa angani. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita meta 3 katika pwani hii, na mkondo kati ya visiwa hukimbia. Chubwi ya risasi iliyoshushwa meta 40 husukumwa pembeni, mshipi unalala kama kamba ya nguo, na chambo hakigusi chini. Robo ya kwanza na robo ya mwisho ya mwezi huleta maji mafu. Mkondo hupoa, nanga hushika, na mgeni anahisi chubwi inapogonga mwamba. Mgeni asiyehisi chini ya bahari havui samaki wa chini. Analoweka chambo tu.

MPINZANI, MBEYA: Wavuvi wengine wa pwani husema kinyume, kwamba samaki hula maji yanapotembea na hufunga mdomo yanaposimama.

NAHODHA, MAFIA: Na hawakosei. Maji yakisimama kabisa changu hulegea, yakianza kugeuka hula. Kwa hiyo siku za maji mafu zichaguliwe ili mkondo usizidi nguvu, na ndani ya siku hizo saa zinazozunguka kugeuka kwa maji ndizo zitumike kwenye mwamba bora. Mvuvi mwenyeji hutoka hata wakati wa bamvua kwa sababu mkono wake umezoea na risasi anazo za kila uzito. Mgeni wa Iringa asipimwe kwa kipimo hicho. Kitu kingine: maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo saa ya kuondoka ya siku ya kwanza haiwezi kuwa ya siku ya tatu. Wageni wanaodai kifungua kinywa saa mbili kamili kila siku wanajinyima wenyewe.

MPINZANI, MBEYA: Usalama nao? Tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ilipinduka kwenye mkondo wa Nungwi. Tarehe 18 Julai 2012 Skagit ilizama karibu na Chumbe. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia kwenyewe. Watu wengi wa Nyanda za Juu hawajui kuogelea. Mtu aliyekulia Tukuyu anajua mito ya baridi yenye mawe, ambamo anayeteleza hushika tawi.

NAHODHA, MAFIA: Meli zile mbili zilikuwa za abiria, na Spice Islander ilibeba watu kupita kiasi. Boti ya kukodi ina kosa lake, lile la mgeni kuleta binamu wawili asubuhi ya safari na nahodha kuona haya kuwakatalia. Idadi ya watu iandikwe kwenye makubaliano na nahodha apewe haki ya kumwacha wa saba gatini. Vitu vya kukaguliwa kabla ya kulipa havizidi vidole vya mkono: cheti cha chombo kilicho hai, mashine mbili au moja yenye akiba inayowaka, jaketi okozi la saizi ya kila abiria, redio, na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya asubuhi hiyohiyo. Simu peke yake haitoshi, kwani nyuma ya kisiwa mtandao hupotea.

MWANDAAJI, IRINGA: Na siku ikiharibika?

NAHODHA, MAFIA: Nahodha akisema hakuna kutoka, hakuna kutoka. Malipo ya awali yahamishiwe siku nyingine au yarudishwe, na jambo hilo liandikwe mapema. Mgeni aliyesafiri siku mbili huwa na ushawishi mkubwa gatini. Karatasi humsaidia nahodha kuwa mkali.

AFISA UVUVI: Kuhusu zana yatosha kusema machache. Mshipi wa mkono unatosha hadi meta 40 au 50, na unamfundisha mgeni haraka kuliko fimbo yenye kikunjio. Chambo bora ni ngisi, vipande vya pweza, na vibua wabichi. Kilichogandishwa mara mbili hulegea na kutoka kwenye ndoana. Chubwi ifungwe kwa uzi dhaifu kuliko mshipi ili ikinasa kwenye mwamba ikatike yenyewe, na samaki na ndoana virudi juu. Ndoana za duara zipendelewe, kwa kuwa hushika pembe ya mdomo mara nyingi zaidi kuliko koo. Chewa akiuma hukimbilia pango lake, kwa hiyo meta mbili tatu za kwanza huvutwa bila kungoja. Akishaingia ndani na kutanua mapezi, mshipi hukatwa.

MWANDAAJI, IRINGA: Linabaki suala la kurudi na samaki, na hili ndilo wanakikundi wanalipia. Chewa wa Mafia akiliwa Iringa mjini ni habari ya mtaa mzima. Deli la barafu kwa kila mtu, samaki atolewe utumbo na matamvua palepale botini, barafu kilo moja kwa kila kilo ya samaki, na barafu ya pili inunuliwe Dar es Salaam. Joto la Mikumi na Ruaha Mbuyuni ndilo la kuogopwa. Basi likishapanda Kitonga hewa yenyewe husaidia.

MPINZANI, MBEYA: Hesabu ya barafu inakiri jambo ambalo Mwandaaji hajalitamka. Deli sita zikijazwa, hiyo si burudani tena, ni biashara isiyo na leseni ya biashara. Mvuvi wa Jibondo anamtegemea changu huyohuyo kulipa ada ya shule. Na kama jibu ni kwamba wageni watavua na kuachilia, wakibeba wachache tu, basi Mbeya haina ugomvi. Kenya, kule Watamu na Malindi, sulisuli na nduaro hutiwa alama na kurudishwa baharini. Kwa nini kikundi cha Iringa kisifanye hivyo kwa chewa?

AFISA UVUVI: Kwa sababu chewa si sulisuli. Kila meta 10 za maji huongeza kanieneo kwa kiasi cha hewa nzima ya angani. Samaki aliye meta 40 chini anabeba kanieneo mara 5 ya lile la juu ya maji, na kibofu chake cha hewa kimejazwa kulingana na hapo. Akivutwa juu kwa dakika moja, hewa ile hutanuka karibu mara 5. Tumbo husukumwa hadi mdomoni, macho hutoka, na samaki huelea akipiga mkia bila kuzama. Mgeni humtupa majini akidhani amemwokoa, kisha boti ikisogea ndege hushuka. Nduaro huvuliwa juu ya maji, kwa hiyo tatizo hilo halimpati. Chewa na changu hawana mfereji wa kutoa hewa kwa mdomo. Kambare na jamaa zake wanao, mbufu akiwemo.

MPINZANI, MBEYA: Afisa ameitetea Matema bila kukusudia! Mbufu anaweza kupumua hewa yake nje na kurudi chini.

AFISA UVUVI: Anaweza zaidi kuliko chewa. Kama ndoana haikumjeruhi na mikono haikumkausha utelezi wake, ana nafasi. Chewa pia anaweza kusaidiwa, ila kwa kazi: hufungwa kwenye uzito kwa kibanio kinacholegea, akateremshwa upya hadi kina kinachobana hewa ile, kisha huachiwa huko. Kumtoboa kwa sindano ni mkono wa fundi; mikono ya mgeni hutoboa maini. Na hata kwa uzito, anayetoka meta 100 hana matumaini makubwa.

NAHODHA, MAFIA: Mabaharia wamekuwa wakirudisha samaki wadogo kwa kuwatupa tu. Ukweli ni kwamba wengi huonekana wakielea.

MWANDAAJI, IRINGA: Ikiwa kuachilia hakuokoi, basi hoja ya kubeba inapata nguvu. Samaki aliyekwisha kufa ni bora aende Iringa kuliko kuliwa na ndege.

MPINZANI, MBEYA: Hapana. Ikiwa kuachilia hakuokoi, kila anayevutwa ni aliyeuawa, awe mkubwa au mdogo, abebwe au atupwe. Hesabu ya kuua inafungwa ndoana inapoteremshwa. Kwa hiyo idadi lazima ipangwe nyumbani, kwenye kikao cha kikundi, kabla mtu hajaona maji. Mwandaaji alipanga ukubwa wa deli. Hakupanga ukomo wa ndoana.

AFISA UVUVI: Kuna sababu ya ziada kwa chewa. Aina nyingi za chewa huanza maisha kama majike, na baadhi hugeuka madume wakishakua. Hukua polepole, hukomaa wakiwa wamechelewa, na hukusanyika mahali pamoja kutaga. Kikundi kinachojivunia picha ya chewa mkubwa kwa kawaida kimebeba dume, na madume ni wachache. Miamba kadhaa ya pwani hii pia ilivunjwa na baruti kwa miaka mingi, na mwamba uliovunjwa haumpi chewa pango jipya kwa msimu mmoja au miwili.

NAHODHA, MAFIA: Hilo wavuvi wanalijua bila kitabu. Pango likitoa chewa mkubwa leo, hukaa tupu muda mrefu. Lakini wageni wakikatazwa kabisa, nani ataona faida ya kuliacha pango? Boti ya kukodi humlipa nahodha, vijana wawili, mwenye barafu na mama anayepika, kwa samaki wachache kuliko wanaopelekwa mnadani siku hiyohiyo. Mgeni mmoja anayelipa vizuri na kubeba watatu ana faida kwa mwamba kuliko mshipi wa kila siku.

MPINZANI, MBEYA: Hoja hiyo inasimama kama atabeba watatu. Deli sita hazisemi watatu.

AFISA UVUVI: Sheria haimalizi ubishi huu, lakini inaupa mipaka. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995 kwa Sheria Na. 29 ya 1994. Ina kiini kisichovuliwa kabisa, na maeneo mengine ambamo wenyeji wanatangulizwa. Mgeni huhitaji kibali, naye nahodha anapaswa kuijua mipaka kwa ramani na si kwa makadirio. Nje ya hifadhi, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na Kanuni za 2009 zinatumika. Zanzibar ina sheria yake, na bahari kuu iko chini ya mamlaka nyingine, hivyo kibali cha bara hakimtoshi anayeamua kupitiliza hadi Fungu Kizimkazi. Uvuvi wa kina kirefu, wa mashine za umeme na meta 100 kwenda mbele, uachwe kabisa na kikundi cha aina hii. Huko samaki hawarudi wakiwa hai, na pwani hii kina chake kina silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka mamilioni ya miaka hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938, akapatikana Tanzania mwaka 2003. Tanga amepewa hifadhi yake mwaka 2009.

MWANDAAJI, IRINGA: Basi Iringa inarekebisha. Kina kisizidi meta 30, ambako samaki akirudishwa kwa uzito bado ana nafasi. Ndoana moja kwa kila mshipi. Kila mtu samaki wanne kwa siku, chewa asizidi mmoja. Kila anayevutwa ahesabiwe, hata aliyerudishwa. Deli zipunguzwe hadi tatu.

MPINZANI, MBEYA: Kuhesabu aliyerudishwa ndilo lililokuwa linasubiriwa. Lakini wanne kwa watu sita ni 24 kwa siku, na kwa siku tatu ni 72. Wawili kwa mtu, au siku mbili badala ya tatu.

MWANDAAJI, IRINGA: Wawili kwa mtu aliyesafiri siku mbili kuja na siku mbili kurudi! Wanakikundi hawatalipa.

NAHODHA, MAFIA: Iringa ilikwishakubali kwamba chewa asizidi mmoja. Katika maji mafu, kwenye mwamba mzuri, watu sita wanaweza kufika idadi yao saa nne asubuhi. Bei ya boti ni ya siku nzima. Mgeni aliyemaliza saa nne hutaka kuendelea, na nahodha anayemkatalia huitwa mvivu.

MPINZANI, MBEYA: Na nahodha anayekubali?

NAHODHA, MAFIA: Huyo ataalikwa tena. Njia ya kutoka ipo: idadi ya samaki wa chini ikitimia, mishipi ikunjwe na boti itoke nje kukimbiza nguru na kolekole hadi mchana. Hao hukamatwa karibu na juu, na kolekole asiyetakiwa hurudi majini na nguvu zake. Ila kukimbiza hula mafuta mara nyingi kuliko kusimama kwenye nanga, na mafuta hayo hayamo katika bei aliyoipigia hesabu Mwandaaji.

MWANDAAJI, IRINGA: Yaingizwe kwenye bei tangu mwanzo, basi, na idadi iwe watatu.

MPINZANI, MBEYA: Watatu kwa siku mbili, na mpango wa Matema ubaki kwenye orodha kwa wale ambao bei mpya itawashinda. Bei hiyo ikiandikwa, Mbeya itajua ni wangapi.